Mapumziko ya Mama, Mapumziko ya Baba

Jina la Mama Vigae hakujipa mwenyewe. Alipewa na majirani, kwa sababu sahani ikimponyoka mtu pale mtaani, kila mmoja alijua vipande vipelekwe wapi. Vikombe vilivyokatika masikio, mabakuli yaliyopasuka, vigae vya bafuni vilivyobanduka, vyote vilimfikia yeye, naye alivipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Aliviosha, akavipanga rangi kwa rangi, na ukipita uani kwake baada ya siku chache ungekuta ukutani kuna ndege, au samaki ambaye magamba yake juzi tu yalikuwa sahani ya wageni ya mtu fulani.

Vipande vyenyewe alivitunza kwenye makopo matupu ya rangi, na makopo hayo yalikuwa ya mumewe. Huyu walimwita Mzee Herufi. Maisha yake yote alichora mabango: ya vinyozi, ya maduka ya dawa, ya shule za chekechea, ya mafundi saa. Basi ndivyo walivyoishi, mume akimaliza makopo na mke akiyajaza, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, ambako cheche ziliruka tangu asubuhi na mtu alilazimika kupaza sauti hata kuomba chumvi.

Jioni, mashine zikizimwa, walitegana vitendawili. Mchezo huo walikuwa nao tangu wako wachumba.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Mtumishi wangu hunywa kopo zima asilewe, kisha humwaga maneno ukutani.”

“Brashi! Hicho ulinitega zamani, Vigae. Umeishiwa?”

“Nilitaka kuona kama umeanza kusahau.”

Sasa, wazee hawa walikuwa na kiwanja ufukweni. Shangazi yake Mzee Herufi aliwaachia, na kwa muda mrefu kilikaa hivyo hivyo, na mti wake mmoja mpana wa mkungu, na mitambaazi ya maua ya zambarau iliyoushika mchanga usipeperuke. Walikuwa wakienda Jumapili moja moja, wanapunga upepo, wanarudi kwenye cheche zao. Habari ya kujenga hawakuwa hata wakiiota, mpaka binti yao wa pekee alipoolewa na msanifu majengo.

Mkwe huyu alikuwa kijana mwema, mrefu, mwenye kalamu nyuma ya sikio hata siku ya harusi yake. Lakini haya alizokuwa nazo mbele ya wakwe zake! Akizungumza na mama mkwe, macho yake yote yalikuwa kwenye ncha ya kiatu chake mwenyewe. Siku moja alimkuta anaanika mashuka uani. Akageuka, akatoka mpaka barabarani, akangoja kidogo, akapiga hodi upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Bafu hakuweza kulitaja mbele yake. Aliliita “pale penye maji”.

“Mwanangu,” Mama Vigae alimwambia binti yake, “huyu mume wako akishika moto hapa kwangu, atapiga hodi kwanza ndipo aombe ndoo.”

Ikafika siku mkwe alipokuja na karatasi kubwa iliyokunjwa kama bomba, ameibana kwapani. Alikuwa amewachorea nyumba. Mama Vigae akaondoa vikombe mezani, karatasi ikatandazwa, na kila pembe ikawekewa kopo la vigae ili isijikunje. Yule mama akaizunguka meza mara moja, akainama, akacheka.

“Kitendawili,” akasema. “Nimepita mlangoni, nimeingia vyumba vyote, nimetokea nyuma, na mguu wangu haujatoka hapa mezani.”

“Ramani, mama,” mkwe akajibu taratibu, akikiambia kiatu.

“Hee! Kumbe anajua kujibu!”

Mkwe akaanza kueleza, na alipokuwa anaeleza kazi yake haya zilimpungua. Nyumba haitagombana na kiwanja, akasema. Mkungu haukatwi. Nyumba itauzunguka, paa litaachwa wazi pale, matawi yatoke yaende zake juu.

“Na majani yakidondoka sebuleni?” akauliza Mzee Herufi.

“Tutafagia, baba.”

“Nani na nani hao wa kufagia? Wewe utakuwa unatoka kwako na ufagio?”

“Nitakuja, baba.” Na alivyosema, ungejua kweli angekuja.

Nyumba itasimama juu ya nguzo fupi, nyuma ya mitambaazi, ili mchanga ubaki na maua yake. Milango ya upande wa bahari itakuwa mipana, ya mbao, yenye vibao vya kufungua na kufumba kama kope, upepo uingilie mbele utokee nyuma bila feni wala nini. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa, ya kupoza nyayo. Maji ya mvua yateremke kwa mnyororo kutoka paani mpaka kwenye birika la mawe, mtu ayaone yanavyoshuka. Na pale penye maji pasiwe na dari, ili aliye ndani aone mawingu.

“Na hapa,” akasema, akaweka kidole katikati ya karatasi, “hapa ndipo moyo wa nyumba. Ukuta huu. Ni mrefu na mnene, ndio unaobeba paa. Nimeuacha mtupu makusudi, pande zote mbili. Baba atachora, mama atabandika vigae. Picha ianzie upande huu, iishie upande ule.”

Hapa inabidi mtu aelewe jambo. Mwaka ule mkono wa kulia wa Mzee Herufi ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzo kidogo, kama jani, kisha kinyozi mmoja akarudisha bango lake, akasema kwa upole mwingi kwamba herufi zinacheza ngoma na wateja wanacheka. Mzee hakubisha. Alirudi nyumbani, akazitia brashi zake kwenye kopo, na tangu siku ile zilikauka humo humo zikiwa zimesimama. Mkewe alikuwa akizipita kila siku na kujifanya hazioni.

Sasa mzee aliutazama ukuta ule wa karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Vigae, hebu nitafutie penseli.”

Akaipata, akageuza kalenda iliyopitwa na wakati, akachora mstari nyuma yake. Mstari ukatetemeka. Hakuacha. Ukaja mwingine, na mwingine, na punde kulikuwa na kundi la samaki linaelekea upande mmoja, na kwa samaki, mstari wa kutetemeka haukuwa na ubaya wowote. Mama Vigae akainama juu ya ramani ili watu wasimwone macho.

Na kwa kuinama huko ndipo aliposoma maandishi madogo. Upande mmoja wa ukuta paliandikwa *Mapumziko ya Mama*. Upande wa pili, *Mapumziko ya Baba*.

“Mapumziko ndiyo nini?” akauliza.

Mkwe akameza mate. “Ni pale pa… kupumzikia, mama.”

“Kupumzika mchana?”

“Na… muda wowote ule, mama.” Kile kiatu hakijawahi kutazamwa namna ile.

Mama Vigae akamgeukia mumewe. Mzee alikuwa amekwisha kuyaona yale maneno, maana penseli ilikuwa imesimama juu ya samaki. Lakini hakusema zaidi ya haya: “Ramani nzuri. Mkwe wetu amefikiria kila kitu.”

Moyo wa yule mama ukashuka kama ndoo kisimani. Kumbe anajua. Kumbe walizungumza, wanaume wawili, mzee akaomba chumba chake. Na sababu hakuhitaji kuambiwa. Si binti yao alimtania mwezi uliopita, akasema, “Mama, unakoroma mpaka mashine za kuchomelea zinaona wivu”? Wote walicheka siku ile, na mzee alicheka kuliko wote. Labda hakuwa anacheka.

“Ni nzuri,” akasema na yeye. “Nzuri sana.”

Angeweza kumwuliza mumewe waziwazi. Alikuwa mwanamke wa kuuliza. Aliwahi kumwuliza mwenye nyumba, mbele ya wapangaji wote, kama paa linavuja kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Lakini hili lilikuwa jingine. Hili aliona likishatoka mdomoni halitarudi, na vipi kama jibu lingekuwa ndiyo? Halafu kulikuwa na ule ukuta. Akikataa vyumba viwili, ukuta wa katikati unaondoka, na ukuta ukiondoka, je, penseli nayo si itarudi kwenye kopo?

Basi akanyamaza. Jioni, mashine zilipozimwa, alijaribu kwa njia yake.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Ndugu wawili, kila siku wamelala mgongo kwa mgongo, wala hawajawahi kuonana uso.”

Alikuwa anawaza pande mbili za ukuta. Mzee akafikiri, akakuna kidevu kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiwa ameukalia ili utulie.

“Ni sahani,” akasema. “Upande wa juu na upande wa chini.”

Mama Vigae akamtazama. Angeweza kusema siyo, akadai apewe mji kama mchezo unavyotaka. “Umepata,” akasema, akaenda kuosha vyombo.

Yakapita majuma ya kazi. Mzee Herufi alichora karatasi kwa karatasi, akaziunga kwa gundi mpaka samaki wakatoka mlangoni wakafika uani. Mama Vigae alichagua vipande: buluu ya mabakuli kwa ajili ya maji, nyeupe ya vikombe kwa ajili ya matumbo ya samaki, na kipande kimoja chenye ua jekundu akakiweka pembeni kwa ajili ya jicho. Mchana walikuwa na furaha kweli kweli. Walibishana juu ya mkia mmoja mpaka chai ikapoa. Ila walipokwenda kulala, yule mama alilala upande wake bila kujigeuza, amejikaza asikorome, na asubuhi aliamka amechoka kama aliyebeba matofali. Zamani alikuwa na desturi ya kuweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe mpaka kutetemeka kupoe. Aliendelea nayo, lakini sasa kila akikiweka aliwaza kwamba hiki kiganja kinahesabiwa siku.

Binti yao aliona kitu. “Mama, mbona umekonda uso? Nyumba huipendi?”

“Naipenda.”

“Vyumba hujavipenda?”

“Mwanangu, kuna mtu asiyependa kulala akisikia bahari?”

Na hilo likaishia hapo.

Mkwe alikuwa na utaratibu wake ambao wenzake walimcheka. Kabla msingi haujachimbwa, aliichora nyumba nzima kwenye kiwanja, kwa ukubwa wake wa kweli, kwa vigingi na uzi na chokaa. Kisha aliwaleta wenye nyumba, waje na viti vyao na mikeka na chai, waishi humo tangu asubuhi mpaka alasiri. “Kwenye karatasi kila chumba ni kikubwa,” alikuwa akisema. “Mtu hajui nyumba mpaka atafute pa kuweka kikombe.”

Siku hiyo basi wakaenda wote wanne. Jua lilikuwa la kirafiki na upepo unavuma kiasi cha kupeperusha leso. Mistari myeupe ilikuwa imetanda juu ya mchanga na majani, safi kama daftari jipya, na mkungu umesimama katikati kama mwenyeji anayepokea wageni.

“Hodi!” Mzee Herufi akasema, amesimama mbele ya pengo kwenye chokaa.

“Karibu, baba,” mkwe akajibu kutoka ndani, ambako kulikuwa nje tu.

Binti akakatiza akatokea upande mwingine kwenda kutua kikapu.

“We mtoto! Unapita ukutani? Tulikulea hivyo?”

“Samahani, baba, mlango ulikuwa mbali.”

Wakacheka, wakaingia. Wakaweka viti sebuleni, wakaona kweli upepo unapita pale pale mkwe aliposema. Jikoni Mama Vigae akasimama mahali pa sufuria, akanyoosha mkono kufikia pa maji, akasema pasogezwe kidogo, na mkwe akafuta akachora tena bila kunung'unika. Wakanywa chai kwenye baraza, miguu imenyooshwa nje ya ukingo ambao haujakuwepo bado. Jani la mkungu likaanguka kwenye kikombe cha mzee.

“Mkwe! Ufagio!”

Na kijana akainuka kweli, mpaka mkewe akamvuta shati akae.

Hata adhuhuri ikafika. Mkwe akasafisha koo. “Sasa ni… saa ya mapumziko. Kila mtu aende… pake. Ajaribu. Aone mwanga unavyoingia.” Halafu akaondoka haraka kwenda jikoni, akawageuzia mgongo, akawa anapima kitu kisichohitaji kupimwa.

Mama Vigae akachukua mkeka wake na mto, akapita mlango wake. Mzee Herufi akachukua wake, akapita mlango wake. Wakatandika. Wakalala. Katikati yao palikuwa na ule ukuta, mistari miwili ya chokaa yenye nafasi ya matofali mawili, na juu yake hakuna kitu ila hewa.

Yule mama alilala ubavu, akitazama ukuta. Na kupitia ukutani akamwona mumewe amelala ubavu vilevile, anamtazama. Wakaondoa macho wote wawili, kama watu waliokutana njiani wanadaiana salamu.

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa juu ya mchanga, ukingoni mwa mkeka. Ulitetemeka, na kwa kutetemeka kwake ukawa unachimba kishimo kidogo, kama kuku. Mama Vigae alivumilia. Akafumba macho, akafumbua. Mkono wake mwenyewe ukanyooka bila kumwomba ruhusa, ukafika kwenye chokaa, ukasimama.

“Hapo kuna ukuta,” mzee akasema kwa sauti ya chini.

“Najua.”

“Mnene.”

“Najua, bwana. Si uliuomba wewe.”

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye mto. “Mimi? Nimeomba nini?”

“Chumba chako.”

“Vigae, chumba ameomba nani? Si umeomba wewe?”

“Mimi niombe chumba? Nakwenda wapi nacho?”

Mzee akaketi kabisa, nywele zimejaa mchanga upande mmoja. “Niliposoma pale mezani… nilijua umemwambia binti, binti akamwambia mumewe. Nikasema moyoni, ana haki. Mkono huu unatikisa godoro usiku kucha. Mtu gani atalala juu ya godoro linalotikisika kama lori? Nikaona nikikataa nitakuaibisha.”

“Mkono?” Mama Vigae naye akaketi. “Mimi nilidhani ni kukoroma.”

“Kukoroma kwa nani?”

“Kwangu!”

“Ah, unakoroma,” mzee akasema. “Hilo nisikudanganye.”

“Unaona!”

“Unakoroma tangu binti yetu hajazaliwa. Siku hizi umeacha, nimekuwa nalala jicho moja, nasikiliza kama unapumua. Nimechoka mimi! Nilitaka kukuomba urudie, nikaona haya.”

Mama Vigae akataka kucheka, machozi yakatangulia. Akayafuta kwa pembe ya mto, akaacha mchanga shavuni. “Na mimi nimekuwa nakesha ili nisikorome,” akasema. “Nimekonda kwa ajili yako, mzee wewe usiye na maana.”

“Ungeniuliza.”

“Wewe je?”

Mzee akashika magoti yake, akasimama kwa shida kidogo, akauvuta mkeka wake kwa mkono mmoja na mto akaubana kwapani. Akautazama ukuta kushoto na kulia. Mlango ulikuwa mbali. Akanyanyua mguu, akavuka.

“Baba!” mkwe akapiga kelele kutoka jikoni, maana ndipo alipogeuka. “Baba, umepita ukutani!”

“Nimepita.”

“Lakini… huo ndio unaobeba paa!”

“Basi paa limeanguka, mwanangu. Tuko hai.”

Akatandika mkeka wake ukagusana na wa mkewe, akalala chali, na Mama Vigae akaweka kiganja chake pale mahali pake. Binti yao alikuwa amesimama kwenye baraza na chupa ya chai mkononi. Akawatazama wazazi wake, akaisoma habari yote palepale bila kuambiwa neno. Akamgeukia mumewe.

“Wewe! Nani alikwambia wazazi wangu wanalala mbalimbali?”

Mkwe masikini, jasho likamtoka. “Kwetu, baba na mama kila mmoja alikuwa na chumba chake. Tangu nina akili. Nilijua wazee wakifika umri ndivyo wanavyoheshimiwa. Ningeulizaje? Ningemwuliza mama, ‘Mama, unalala wapi?’ Ningesimama wapi nikiuliza?”

“Ungeniuliza mimi!”

“Nilikuuliza! Ukasema, ‘Chora tu, watapenda.’”

Ilikuwa kweli, binti alisema hivyo, akiwa anatafuta funguo zake.

Mama Vigae akamhurumia kijana. Aliona jinsi uso ulivyomshuka, na jinsi anavyoutazama ule ukuta uliokanyagwa, mstari umevurugika pale mguu wa mzee ulipopita. Ndiyo ilikuwa zawadi yake. Na hapo wasiwasi wa zamani ukamrudia yeye mwenyewe, kwa sababu jambo moja lilikuwa limepona na jingine bado liko wazi.

“Mwanangu,” akamwita, “njoo hapa. Njoo, ingia, hapa si chumbani, hapa ni mchangani. Ule ukuta wako usidhani tumeutupa. Baba yako huyu alikuwa ameacha kuchora, umemshikisha penseli wewe. Samaki wake wanakwenda wapi sasa? Hebu niambie. Mimi kujenga sijui, najua kubandika.”

Mkwe akaja. Akachutama pembeni, kalamu nyuma ya sikio, akatazama mistari yake. Akainuka, akaenda mpaka chini ya mkungu, akasimama, akarudi, akapiga hatua za kupima, akarudi tena kule. Mzee Herufi alikuwa ameinua shingo anamfuata kwa macho, na mkono wake chini ya kiganja cha mkewe ulikuwa unakwenda kasi. Hapo Mama Vigae akajua kwamba hata yeye alikuwa anaogopa hilo hilo.

“Boriti,” mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. “Boriti moja nene ipite juu ya chumba. Itatosha. Na ukuta…” Akachukua chepe na mfuko wa chokaa, akaanza kumwaga mstari mpya. Aliugeuza ukuta mzima. Akautoa chumbani akaupeleka ukingoni mwa ua, ukae ubavuni mwa mkungu, upande mmoja unatazama sebule, upande wa pili unatazama mti na mvua. “Uko palepale paa linapohitaji kushikwa,” akasema, na sasa alikuwa hatazami kiatu, alikuwa anawatazama wote usoni, macho yanang'aa. “Ni bora. Kweli ni bora! Kule chumbani nani angeuona? Hapa kila anayeingia atauona. Samaki watapita sebuleni watokee uani. Na mvua ikinyesha, upande ule utalowa.”

“Vigae vikilowa hung'aa,” Mama Vigae akasema.

“Ndiyo, mama. Nimeliwaza hilo.”

Mzee Herufi akaufuata mstari mpya kwa macho, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ni mrefu kuliko ule wa kwanza.”

“Kidogo, baba.”

“Basi samaki hawatoshi. Itabidi niongeze.” Akamtazama mkewe. “Una buluu ya kutosha wewe?”

“Mtaa mzima una sahani,” akasema. “Nitawaomba wavunje.”

Binti akacheka mpaka akaketi chini. Mkwe akafuta kwa unyayo mistari miwili ya ukuta wa zamani, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na vile vyumba viwili vikawa kimoja kikubwa, kinaitazama bahari kwa milango miwili. Wazee wakiwa wamelala katikati ya chumba hicho walionekana wadogo, kama watoto waliolazwa kwenye kitanda cha wageni.

Ilibaki kazi moja. Mkwe alikuwa bado ndani ya chumba; akatoka nje, akazunguka, akaingia tena kwa mlangoni, kwa adabu. Akatoa utepe wake wa kupimia. Akasafisha koo. Masikio yake yalikuwa mekundu, au ni jua. Akapiga moyo konde.

“Mama,” akasema. “Baba. Naomba kuuliza.”

“Uliza, mwanangu.”

“Kitanda.” Neno likatoka, na dunia haikupasuka. Akaendelea. “Kitanda kiwe na upana gani? Nikijua, ndipo nitajua dirisha likae wapi.”

“Kipana,” akasema Mzee Herufi. “Kipana kabisa, mwenzangu apate nafasi, huu mkono usimsumbue.”

“Msimsikilize huyo,” akasema Mama Vigae. “Chembamba.”

“Vigae, utaanguka.”

“Nitaangukia wapi? Si nitakuwa nimekushika.”

Mkwe akainama, akavuta utepe wake, na bila kuuliza tena akapima kitanda chembamba.